Bi Mkubwa Yumo Kwenye Poti ya Tatu

Siku ya Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa Juni, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, mama mkwe wa fundi mmoja aliingia kwenye poti ya tatu asitoke, na kiwanda kizima cha udobi kikakosa maji ya moto.

Jambo hili yafaa lielezwe taratibu, asije mtu akadhani kwamba mama wa watu alitumbukia shimoni.

Kiwanda kilikuwa cha familia. Mama mkwe huyo, ambaye ndugu na wateja wote walimwita Bi Mkubwa, ndiye aliyekuwa mwenye mali na mwenye neno la mwisho. Mdogo wake wa kiume, Mjomba, alitunza boila, mtambo wa kuchemshia maji, katika chumba cha chini. Mwanawe wa kwanza aliendesha gari la kupelekea nguo, na mwanawe wa pili alisimamia mashine za kufulia. Fundi alikuwa mke wa huyo dereva. Aliolewa akiwa na cheti chake cha ufundi wa mitambo ndani ya begi, lakini alipofika alipewa meza ya kukunja mashuka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi, naye aliona si adabu mkamwana mgeni kuanza kuchagua kazi. Akakunja. Alikunja hadi akawa akilala usiku mumewe anaamka asubuhi na kukuta blanketi lao limekunjwa pembe nne, na yeye mwenyewe hana habari.

Bahati ilimjia kupitia ubovu. Mvuke na sabuni viliila mashine moja baada ya nyingine, si ndani zilikofanya kazi bali usoni zilikobonyezwa. Vitufe vya boila vilikuwa vya mwisho kufa. Siku vilipokufa Mjomba alivibonyeza kwa kidole, kisha kwa kijiko, kisha kwa matusi, na joto halikupanda hata kidogo. Hapo fundi alipiga moyo konde, akamwendea Bi Mkubwa, akamweleza habari za kisanduku.

Kilikuwa kisanduku cha chuma, bapa kama sinia, chenye matundu manane mgongoni ambayo mafundi huyaita poti. Kila poti hupokea waya wa mashine moja. Baada ya hapo mtu huketi mbele ya skrini yoyote kiwandani, akaandika jina lake na neno lake la siri, akachagua poti anayoitaka, na kuiamuru mashine bila kuigusa.

Bi Mkubwa alisikiliza huku akikagua doa la mchuzi kwenye kitambaa cha meza.

"Mimi sibonyezi vitu," alisema mwishowe. "Mimi natazama. Una njia ya mtu kutazama?"

"Ipo, Mama."

"Basi nipe hiyo. Lakini nisikilize vizuri. Nikishaingia, nimeingia. Siku hicho kijisanduku chako kitakaponiambia nitoke kwenye kiwanda changu mwenyewe, kitatangulia chenyewe kutoka, na wewe utarudi kwenye mashuka yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

Fundi alikubali kwa sauti ndogo, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Hakuona wapi pangeweza kuharibika.

Alikifunga kisanduku ukutani katika chumba kidogo cha vioo kilichoangalia mashine, akaanza kupanga poti kwa uangalifu wa mtu anayewapangia wageni vyumba. Kila mashine ilikuwa na kasi yake ya kuzungumza, na kisanduku kilipaswa kuijibu kwa kasi ileile. Mashine za kufulia, kwenye poti ya kwanza na ya pili, zilizungumza haraka kama wachuuzi. Mizani ya kupimia nguo, kwenye poti ya tano, ilikuwa kikongwe. Ukiiharakisha ilikuletea nyota na alama za kuuliza. Boila, kwenye poti ya tatu, ilikuwa na maneno machache yenye uzito.

Baada ya poti alipanga watu. Mjomba alipewa boila. Shemeji, yule wa mashine, alipewa mashine zake pamoja na boila, kwa kuwa maji yalimhusu. Mumewe alimpa mizani peke yake, maana alimjua vyema: alikuwa mtu wa kubonyeza kwanza na kuuliza baadaye. Bi Mkubwa alipewa poti zote, kwa kutazama tu, kama alivyotaka.

Kisha akafika kwenye mstari mmoja ulioandikwa: Muda wa kukaa kimya kabla mtumiaji hajaondolewa. Kitabu cha maelezo kilishauri dakika kumi. Fundi aliweka kidole juu ya kibodi, kidole kikagoma. Atampimiaje mama mkwe dakika, kama mtoto aliyetumwa dukani? Akaandika sifuri. Kwa kisanduku kile, sifuri maana yake ni kwamba mtu akae atakavyo, hata mwaka. Fundi aliutazama mstari ule akajiona ana adabu kubwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Alhamisi. Siku hiyo Mjomba na shemeji waliingia pamoja kwenye poti ya boila, mmoja akitaka sabini na mwingine akitaka thelathini, wakaandika kwa wakati mmoja. Tarakimu zao zikagongana njiani. Boila ilipokea kitu kisichokuwa nambari wala neno, ikapiga filimbi kama refa na kujizima. Walirushiana maneno hadi ngazini. Fundi akaona dawa ni kubadili mpangilio mmoja: kuanzia sasa, poti moja, mtu mmoja. Akaubadili, akaenda nyumbani akiwa ameridhika.

Hakukumbuka kwamba kwa hesabu ya kisanduku, anayetazama naye ni mtu.

Ndipo ikafika hiyo Ijumaa. Bi Mkubwa aliketi kaunta asubuhi, akaivaa miwani yake, akaingia poti ya tatu, akaitazama nambari arobaini kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Arobaini ilitosha kwa vitambaa vya meza vya hoteli. Aliporidhika aliinuka akaenda kukagua madoa, huku jina lake likibaki ndani ya poti.

Mchana yakaletwa mashuka ya hospitali, marundo kwa marundo. Hayo hayafuliwi kwa arobaini. Hayo yanataka tisini, na yalitakiwa kurudi kabla ya jua kutua, kwa kuwa chumba cha upasuaji kilikuwa na kazi alfajiri.

Mjomba alipanda ngazi akiwa na taulo shingoni.

"Mkwe! Hebu njoo uone vituko vyako. Mimi nataka tisini, kitu chako kinanipigia soga."

Fundi alikimbilia skrini. Palikuwa pameandikwa: Poti ya 3 ina mtu. Mtumiaji: bimkubwa. Umwondoe? Ndiyo au Hapana.

"Ukajibu nini, Mjomba?"

"Ningejibu nini? Hapana! Huyo dada amenibeba mgongoni mimi. Amenifuta kamasi kwa kanga yake. Leo nimwambie ondoka, nina wazimu?"

Shemeji alichungulia mlangoni, mikono yake ikiwa na povu.

"Na mimi kimeniuliza, shemeji. Nimebonyeza Hapana mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Ya kwanza ya kujibu. Ya pili ya kuomba radhi."

Fundi aliketi, akajaribu kila njia aliyoijua. Alirudi kwenye mipangilio, akafuta ile sifuri na kuandika kumi. Kisanduku kikampokea kwa upole, kikamwarifu kwamba mpangilio mpya utaanza mtumiaji aliyepo akishatoka. Alijaribu kuondoa sharti la mtu mmoja. Jibu likawa lilelile, akalirudisha sharti. Akafikiri kumpa Bi Mkubwa ruhusa ya kuamuru, ili aombwe apandishe joto yeye mwenyewe; kisanduku kikasema ruhusa hiyo itaanza atakapoingia upya. Na huwezi kuingia upya mahali ambapo hujatoka. Kila njia ilizunguka ikaja kusimama mbele ya mama mkwe.

"Mimi nina wazo," alisema shemeji, akishusha sauti. "Chomoa waya wa umeme. Kisanduku kizime, kiwake. Sote tutakuwa nje, tutasema umeme ulikatika. Nani atajua?"

Mjomba alitikisa kichwa kukubali, kwa haraka iliyoonyesha kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu ngazini.

"Mashine zako mbili ziko katikati ya kazi," fundi alimjibu. "Zikipotezewa amri zitafunga milango na maji ya sabuni tumboni, na vitambaa vya hoteli humo humo. Halafu nikishamdanganya Mama leo kwamba umeme umekatika, kesho nitamwambia nini? Jua limezimika?"

"Sawa, sawa. Nilikuwa natoa mchango tu."

Fundi alitoka uani, akamkuta mumewe ameegemea gari anakula karanga.

"Baba watoto, nenda kamwombe mama yako atoke kwenye poti ya tatu."

Dereva alizitazama karanga zake.

"Wewe mwenyewe umenipa mizani peke yake. Si ndiyo? Basi mimi ni mtu wa mizani. Mambo ya boila waulizwe watu wa boila."

"Huyo ni mama yako!"

"Ndiyo maana. Wewe ukimuudhi, atanung'unika mpaka Jumapili. Mimi nikimuudhi, atanisimulia jinsi nilivyozaliwa, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wateja."

Hapo fundi akaona yamemfika shingoni, akaenda mwenyewe hadi ukumbi wa mapokezi. Bi Mkubwa alikuwa amesimama na mteja mmoja, mpishi mnene wa hoteli, wakishindana juu ya doa.

"Hii ni kahawa," alisema Bi Mkubwa.

"Ni mchuzi," alisema mpishi.

"Wewe unapika, mimi nafua. Doa likishatoka jikoni kwako ni la kwangu. Hii ni kahawa."

Fundi alikohoa kidogo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi?"

"Nimeona niongeze, Mama. Nilikuwa nasema... umesimama tangu asubuhi. Huoni ni vizuri ukapumzika?"

"Nimekwambia nimechoka?"

"Hapana, Mama. Ila boila, yaani, kule kwenye boila, ingependeza pakipatikana nafasi kidogo."

"Nafasi gani? Chumba kile ni kikubwa kuliko sebule yangu. Mwambie Mjomba aondoe yale makopo yake."

"Nitamwambia, Mama."

Aligeuka akarudi alikotoka, ulimi ukiwa mzito kama shuka lililolowa. Nyuma yake alimsikia Bi Mkubwa akimwambia mpishi, "Huyu mkamwana wangu ni mpole sana. Wakati mwingine simwelewi anachosema."

Katika chumba cha vioo simu ilikuwa inalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali, mwanamke ambaye hakuwahi kusalimia kwa zaidi ya neno moja.

"Habari. Mashuka yameanza kufuliwa?"

Fundi aliyatazama marundo kupitia kioo. Yalikuwa yamekaa kimya, meupe, kama watu wanaosubiri kuitwa.

"Yanaanza sasa hivi," alisema, na alipoikata simu akatambua kwamba amekwisha kukata shauri.

Alivuta kiti. Aliijua hasara yake. Kisanduku kingemwambia Bi Mkubwa atoke, naye Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kulivunja neno lake. Kabla ya Jumatatu kingekuwa stoo, na fundi angekuwa mezani, anakunja, mpaka uzee. Lakini wagonjwa wangelazwa juu ya nini? Akafungua ukurasa wa poti ya tatu. Swali lilikuwepo palepale, linamsubiri. Chini yake palikuwa na nafasi ndogo ambayo hakuwahi kuitumia: Ujumbe kwa mtumiaji, si lazima.

Kwake yeye siku hiyo ulikuwa lazima. Akaandika:

"Mama, ni mimi mkamwana wako. Naomba utoke kwenye boila. Mashuka ya hospitali yanataka moto na wewe umekaa mlangoni. Si kisanduku kinachokutoa, ni mimi. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

Mjomba na shemeji walikuwa wamesimama nyuma yake, wanasoma juu ya bega.

"Mungu wangu," alinong'ona shemeji. "Ameandika."

"Msinipumulie," alisema fundi, akabonyeza Ndiyo.

Kule kaunta skrini ililia kengele, na Bi Mkubwa akasikika akisema, "Ngoja kwanza, hiki kinaniita." Kisha akaanza kuusoma ujumbe kwa sauti, polepole, neno baada ya neno, kama alivyosoma kila kitu, na mpishi akimsaidia kwenye maneno marefu. Alipofika kwenye "umekaa mlangoni" aliacha kusoma, vikasikika viatu vyake ukumbini.

Fundi hakumngoja. Aliingia poti ya tatu, akaandika tisini, akabonyeza, akatoka. Chini ya sakafu boila ilikoroma, ikaamka. Mjomba, badala ya kukimbilia kazi yake, alibaki pale pale, maana tukio kama hilo mtu huliona mara moja tu maishani.

Bi Mkubwa alisimama mlangoni, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Nani kaniandikia?"

"Mimi, Mama."

"Si kisanduku?"

"Kisanduku kiliuliza tu, Mama. Aliyejibu ni mimi."

"Kiliuliza. Kilikuuliza wewe peke yako?"

Fundi hakutaka kumchomea mtu. Lakini Mjomba aliitazama dari, shemeji akaitazama sakafu, na kati ya dari na sakafu Bi Mkubwa alipata jibu lake.

"Kumbe kiliwauliza ninyi wote! Mkajibu nini?"

"Tulisema hapana, Dada," alisema Mjomba. "Kwa heshima."

"Kwa heshima! Mashuka ya wagonjwa yakae bila kufuliwa kwa heshima yangu? Watu wangeuliza ni nani aliyezuia maji ya moto, mngewajibu nani? Si mngesema Bi Mkubwa? Ninyi mmenipa heshima au mmenipa aibu?" Akamgeukia fundi. "Na mimi nimekaa humo tangu lini?"

"Tangu asubuhi, Mama. Ni makosa yangu. Kitabu kilisema mtu akikaa kimya dakika kumi aondolewe. Mimi niliona ni kukukosea adabu, nikaandika ukae milele."

"Milele?"

"Ndiyo, Mama."

Bi Mkubwa alikishusha kitambaa cha hoteli alichokuwa bado amekishika, akaketi juu ya kiti cha fundi.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimo."

Shemeji alicheka kwanza, akaziba mdomo kwa mkono wenye povu, akacheka zaidi. Mjomba alijikaza, akashindwa. Fundi peke yake hakucheka; alikuwa bado anasubiri hukumu, amesimama wima kama shahidi mahakamani.

"Mama, ulisema siku kitakapokutoa..."

"Nakumbuka nilivyosema. Sijazeeka kiasi hicho. Nilisema kikiniambia nitoke. Hakikuniambia. Nimeambiwa na wewe, kwa jina lako, tena umeniomba. Kingeniambia chenyewe, kingekuwa uani saa hii." Akakiangalia kisanduku ukutani, taa zake ndogo zikipepesa. "Kibaki. Na wewe ubaki nacho. Dakika kumi kitabu kilisema?"

"Kumi, Mama."

"Weka kumi. Kwa kila mtu."

"Hata kwako?"

"Hasa kwangu. Kukaa dakika kumi mahali pamoja, mimi nitakaa na miguu gani?"

"Na meza ya mashuka, Mama? Leo yako mengi."

Bi Mkubwa alimtazama mwanawe wa pili kuanzia viatuni hadi kwenye povu.

"Huyu aliyebonyeza mara mbili," alisema, "anaonekana ana vidole vyepesi. Atakunja."

"Mama! Nani amekwambia mara mbili?"

"Unaongea kwa sauti kama baba yako. Nenda."

Shemeji alikwenda. Mjomba naye akaanza kuteremka ngazi, akijifanya mtu aliyekuwa njiani muda wote. Bi Mkubwa hakuinuka. Aliishusha miwani puani, akasogeza kiti karibu na kibodi.

"Sasa nionyeshe. Hiyo Ndiyo iko wapi?"

"Mama, wewe ulisema hubonyezi vitu."

"Nilisema hivyo kabla sijajua vinabonyezwa kwa ajili gani."

Fundi alimbadilishia ruhusa, akamwingiza upya, safari hii mwenye amri kama wengine. Bi Mkubwa alitafuta kwenye skrini, akamkuta mdogo wake amekwisha kuingia poti ya tatu kutoka skrini ya chini ili kulitazama joto. Swali likaja: Umwondoe? Alilisoma kwa sauti, kwa furaha, akabonyeza kwa kidole kizima.

"Dada!" Sauti ilipanda kutoka chini. "Dada, nimetolewa! Ni nani amenitoa?"

Bi Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi kwa kitambaa cha hoteli, palepale penye doa.

Joto lilifika tisini, likatulia. Mashuka yaliingia maji ya moto, yakakaushwa, yakakunjwa na mtu aliyekuwa akinung'unika kwa kila pembe, na dereva akayapeleka hospitali yangali na uvuguvugu, jua likiwa bado halijagusa ukuta wa ua. Muuguzi mkuu alipiga simu kusema neno lake moja, ambalo lilikuwa "Asante", na fundi akalipokea akiwa ameketi kwenye chumba cha vioo, anaandika kumi kwenye mstari wa kila mtumiaji: wa Mjomba, wa shemeji, wa mumewe, wa Bi Mkubwa, na wa kwake mwenyewe.

Nawe uliyeisoma hadi hapa, usiikalie hadithi hii peke yako. Msomee mwenzako unayefanya naye kazi, au mkamwana, au mama mkwe kama una ujasiri, kisha umwombe naye ampelekee mwingine.